Shirika la mtaani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Goma

Tangu niwe mwandishi (katibu) wa shirika letu huku Katoyi, mtaa wa Goma, maswali ni yaleyale. Naulizwa baada ya Misa, kwenye foleni ya maji, hata matangani watu wakiwa wanangojea chai. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Majibu mengine ni mafundisho ya Kanisa, mengine ni maoni yangu tu. Ukisoma utaona yapi ni yapi.

Shirika ni nini hasa?

Ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wanaokaa karibu: avenyu moja au mbili, nyumba ambazo mtu akipiga kelele usiku wote wanamsikia. Kwenye karatasi za Kifaransa za parokia utaona herufi CEVB, yaani jumuiya hai za Kanisa za msingi. Ni kitu kilekile.

Wageni kutoka Tanzania hucheka wakitusikia. Kwao shirika ni la bima, la reli au la masista, na hiki chetu wanakiita jumuiya ndogondogo. Ukiwaambia "leo jioni nakwenda shirika" watakuuliza umepata kazi lini. Lakini huku Kivu neno limekaa, nami nalipenda, maana limezaliwa tumbo moja na ushirika, kushiriki na mshirika. Matendo ya Mitume 2:42 inasema Wakristo wa kwanza walidumu "katika fundisho la mitume, na katika ushirika, na katika kuumega mkate, na katika kusali". Mambo manne, na ushirika uko humo ndani pamoja na sala, haukuongezwa baadaye kama kitoweo.

Maaskofu wa Kongo walichagua njia hii mwaka 1961, kabla hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa. Wenzao wa Afrika Mashariki waliifanya kipaumbele katika miaka ya 1970. Basi mtu akikuambia shirika ni mtindo wa padiri huyu mpya, mwambie lina umri kuliko padiri mwenyewe.

Siwezi kuwa Mkristo mzuri nyumbani kwangu? Nina Biblia, nina redio, na simu inanipa mahubiri usiku kucha.

Kusali peke yako unaweza, na unapaswa. Yesu mwenyewe alikuwa akipanda mlimani peke yake.

Ila angalia amri zenyewe zinavyosemwa kwa lugha yetu. Pendaneni. Sameheaneni. Chukulianeni mizigo. Ungamianeni dhambi. Onyaneni. Ile "-ana" iliyo ndani yake haifanywi na mtu mmoja. Jifungie chumbani, ufunge na dirisha, halafu ujaribu kupendana. Utaona.

Na usidhani uvivu wa kukusanyika ulianza na simu. Waraka kwa Waebrania 10:25 unasema "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine". Maana yake ni kwamba hata katika vizazi vya kwanza vya Kanisa kulikuwa na watu waliokwishaacha kuja, mpaka ikawa desturi. Hao hawakuwa na redio ya kusingizia.

Mkikutana mnafanya nini?

Tunakutana mara moja kwa juma, kwa zamu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Kwenye meza ndogo panawekwa kitambaa, mshumaa na Biblia. Mashirika mengi hufuata hatua saba zilizotengenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma Injili, kila mtu anataja neno au sentensi iliyomgusa, tunanyamaza, tunaambiana imetugusa kwa nini, tunatafuta kazi ya kufanya, tunamaliza kwa sala.

Hatua ya nne, kunyamaza, ndiyo inayotushinda. Dakika tatu tu, lakini daima kuna mtu atakayeanzisha wimbo.

Hatua ya sita ndiyo moyo wa mambo. Pale mwenyekiti anauliza: nani hajaonekana? Hapo ndipo unajua kwamba Papa (baba) wa nyumba ya kona amelala siku nne na malaria, kwamba mtoto wa fulani amefukuzwa shule kwa deni, kwamba wapangaji wapya wamefika usiku wakiwa na godoro moja na watoto sita. Tunagawana kazi papo hapo. Wawili waende hospitali, mmoja apeleke bidoni mbili za maji, kijana mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, asaidie kuhamisha vitu. Shirika lisilouliza swali hilo limebaki kuwa somo la Biblia. Somo la Biblia ni jema, lakini lina watu wake.

Linachukua muda gani?

Saa moja. Saa moja na nusu kama katekista amepewa nafasi ya kusema.

Sina pesa ya michango. Nitakuja na sura gani?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalofukuza watu wengi kuliko dhambi yoyote ninayoijua. Kuna mchango wa matanga, wa mgonjwa, wa ndoa, wa sikukuu ya parokia, wa kumwaga saruji kwenye kanisa. Mtu anayeuza makala (makaa) kwa kopo, faida yake ya siku ni ya kununua unga wa jioni. Ukimdai franka mara tatu kwa mwezi, mara ya nne atapitia njia nyingine ili asikukute.

Nitasema lililotupata. Miaka michache iliyopita tulikuwa na desturi ya kusoma majina ya waliotoa na wasiotoa, mbele ya wote, baada ya sala ya mwisho. Tuliita hiyo uwazi. Mama mmoja wa avenyu yetu akasomwa mara mbili, mara ya tatu hakuja. Tukasema, "Ah, huyo amekwenda kwenye chumba cha maombi," tukaendelea na nyimbo zetu. Kumbe alikuwa kitandani. Majuma matano. Aliyemchotea maji na kumpikia uji ni jirani yake Mwislamu, ambaye siku moja alikutana na mwenyekiti wetu njiani akamuuliza kwa upole: "Nyinyi mama yenu mmemuacha?" Nilikuwapo. Hakuna hotuba ya askofu iliyowahi kunichoma vile.

Tangu siku ile majina hayasomwi. Kikapu chenye kifuniko kinawekwa mlangoni, kila mtu anaingiza mkono, awe nacho au asiwe nacho, na mtunza pesa hahesabu mbele ya watu. Wapo wanaonung'unika kwamba nidhamu imeanguka. Wana haki kidogo: miezi ya kwanza makusanyo yalishuka. Lakini yule mama amerudi, na amerudi na dada yake.

Kama unataka Maandiko juu ya jambo hili, soma 1 Wakorintho 11, kuanzia mstari wa 17. Watu hupenda kuanzia mstari wa 23 kwa sababu ndipo maneno ya Ekaristi yalipo. Rudi nyuma kidogo. Paulo anawaka kwa sababu huko Korintho wenye nacho walifika mapema wakala na kulewa, na wasio nacho wakakuta sahani tupu. Anawauliza kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Maneno matakatifu ya mkate na divai tumeyapata katikati ya ugomvi wa chakula cha jumuiya.

Likelemba na AVEC ni sehemu ya shirika?

Hapana, ingawa mara nyingi ni watu walewale. Likelemba ni makubaliano ya pesa: mnazungusha, kila mmoja anapokea kwa zamu. AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ina sanduku, kufuli na kanuni zake. Benki zilipofunga milango Goma mwaka 2025, wengi wetu tulijionea thamani ya sanduku kama hilo. Lakini usichanganye daftari. Mtu akichelewesha pesa ya likelemba, asione aibu ya kuja kusali. Sisi tumekataa kabisa kuhesabu pesa za likelemba siku ya shirika. Watafute siku nyingine.

Nisipohudhuria, mtakuja kuzika kwetu?

Tutakuja.

Sasa acha niseme na upande wa pili. Kila mtu anajua wengi huingia shirika kwa hesabu ya matanga: nani ataleta viti, nani bashi la kufunika uani, nani atakesha, nani ataimba. Wengine wanakuja kwa sababu parokia huuliza neno la shirika kabla ya ubatizo wa mtoto au ndoa. Zamani hesabu hizo zilinikera. Siku hizi hapana. Mtu anayeogopa kuzikwa bila watu anaogopa jambo la kweli, hasa katika mji huu ambako wengi wamefika bila ukoo. Acha aingie kwa mlango huo. Tutajuana akiwa ndani.

Linalonikera bado ni kinyume chake: shirika linalojitokeza lote matangani na t-shirt za rangi moja, baada ya kushindwa kumtembelea marehemu hata mara moja alipokuwa na pumzi.

Nimefika Goma juzi tu, nimekimbia vita, sina barua ya parokia yangu. Nianzie wapi?

Anzia kwa jirani. Muulize Wakatoliki wa avenyu hii wanakutana kwa nani. Barua itatafutwa baadaye. Kama parokia yako imebaki tupu na daftari zake hazijulikani ziliko, mwambie padiri hivyo, yeye anajua la kufanya. Hakuna mwenyekiti mwenye haki ya kukuzuia kuketi na kusikiliza Injili kwa sababu ya karatasi.

Na kama umefikia kwa watu wasio Wakristo au wasio Wakatoliki, usijifiche. Waage, sema unakwenda kusali, utarudi.

Volkano ikilipuka au risasi zikilia, shirika linasaidia nini?

Wazee wa hapa watakuambia habari ya tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kula kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Kanisa kuu lilikwisha, na Dominika zilizofuata watu walisali. Wapi? Mahali popote palipokuwa na watu wawili watatu wanaojuana.

Mimi nasimulia ya 2021 kwa sababu niliikimbia kwa miguu yangu. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mbingu ikawa nyekundu upande wa kaskazini. Hakuna aliyetuonya. Wengine walishika njia ya Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine ya Sake. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, serikali ikaamuru mitaa kumi ihamishwe, tukatoka tena, safari hii kwa maelfu na maelfu. Watoto wengi walipotezana na wazazi barabarani.

Mwandishi wa shirika wakati huo, aliyenitangulia, alikuwa mama mmoja mkali sana kwa habari ya daftari. Tulimcheka: nyumba kwa nyumba, majina ya watoto, namba ya simu ya ndugu aliye nje ya mji. Alipokimbia aliacha sufuria, akachukua daftari. Kule Sake, kando ya barabara, alikaa juu ya jiwe akawa anaita jina moja baada ya lingine na kupiga simu kila alipopata mtandao. Ndani ya siku mbili alijua walipo watu wote wa avenyu isipokuwa wanne, na hao wanne walipatikana Minova. Watoto wawili walirudishwa kwa mama yao kwa sababu tu mtu alijua majina yao yote na jina la shangazi yao.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hatukuweza kukutana. Maji hayakuwepo, umeme haukuwepo, kila mtu alilala chini. Walichofanya watu ni kuitana ukutani, nyumba hadi nyumba: "Mama, mko?" Na jibu: "Tuko." Hiyo ndiyo ilikuwa liturujia yetu ya juma lile. Sisemi mzaha.

Shirika lenu ni la kabila gani?

Ni la avenyu. Katika viti kumi na tano utakuta Wanande, Wahunde, Washi, Wahutu, Watutsi, Warega, na mmoja aliyetoka Kisangani ambaye kila akichangamka anarudi kwenye Kilingala. Mutualite za kabila, vyama vya kusaidiana vya watu wa kabila moja, zipo, zina kazi yake, sizisemi vibaya. Lakini ndugu wa mutualite unamchagua kwa damu, na jirani wa shirika umepewa na mwenye nyumba aliyekupangisha. Ndiyo sababu ni vigumu zaidi. Ndiyo sababu pia inafanana zaidi na Injili.

Tuna kanuni moja ndogo: ndani ya mkutano ni Kiswahili. Wawili wakianza kunong'ona kwa lugha ya kwao, wengine hutazama chini, na baridi inaingia chumbani. Siku za vita kanuni hii ina uzito kuliko unavyodhani. Kumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu: alikuwa Mshi, akawatetea wakimbizi kutoka Rwanda wakati ambapo kuwatetea kulikuwa hatari, akauawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Kuna umbea mno. Niliyoyasema kwenye sala niliyakuta sokoni.

Ni kweli, na pole. Dawa yake si kunyamaza kabisa. Usiseme mbele ya watu kumi na tano jambo linalohitaji mtu mmoja. Deni, ndoa, ugonjwa unaoficha, peleka kwa mtu mmoja unayemwamini, au kwa padiri. Katika sala ya wote sema "niombeeni, nina mzigo", inatosha, Mungu ana maelezo kamili.

Na aliyeyatoa nje anaendewa kwa utaratibu wa Mathayo 18:15: kwanza wewe na yeye peke yenu. Sisi Wakongo tunapenda kuanzia mwisho, kwenye baraza, na viti vimepangwa. Anza mwanzo.

Mume wangu anasali CBCA, mimi ni Mkatoliki. Tutagawanyika?

Nyumba za namna hii ni nyingi hapa: huyu CBCA, mwingine CEPAC au CELPA, yote makanisa ya Kiprotestanti, mwingine anatafuta bado. Waprotestanti nao wana vikundi vyao vya nyumbani na vyumba vya maombi, na hayo niliyoyasema juu ya kuulizana nani hajaonekana hayana kadi ya dhehebu. Mnaweza kuwakaribisha wote wawili zamu inapofika kwenu. Papa wa nyumba atusaidie kupanga viti, asikilize akipenda, asilazimishwe. Mmoja wa wasomaji wetu bora wa Injili ni mzee wa kanisa lingine anayekuja kwa sababu ya mke wake. Anasoma vizuri kuliko katekista, na katekista anajua.

Kwa nini vijana hawaji?

Kwa sababu tunawaita kubeba viti na kuimba, halafu tukianza kuamua mambo tunasema "watoto watoke". Pia saa tunayokutana ndiyo saa yao ya kutafuta riziki.

Lakini vijana wa Goma hawana sababu ya kudhani jambo hili ni la wazee. Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi (Stade des Martyrs) mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliwapa vijana vidole vitano vya mkono kama vitu vitano vya kujenga kesho: sala kwenye dole gumba, jumuiya kwenye kidole cha shahada, kisha uaminifu, msamaha na huduma. Alipofika kwenye uaminifu akamtaja kijana wetu, Floribert Bwana Chui.

Huyu alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, anakaa na maibobo, watoto wa barabarani, anawafundisha na kula nao. Kazini, katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiingie sokoni. Aliteswa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma.

Watu humsimulia kama shujaa aliyesimama peke yake. Mimi sioni hivyo. Kabla ya kuamua, alizungumza jambo hilo na sista aliyekuwa rafiki yake. Na wale ambao wangekula chakula kile hawakuwa "wananchi" tu kwake. Walikuwa watoto aliowajua kwa majina, aliokuwa amekaa nao chini. Ukishakula na watu sahani moja, ni vigumu kutia sahihi karatasi ya kuwaua.

Nilikosana na mtu wa shirika. Nihamie lingine?

Kama hujahama nyumba, huko utakakohamia bado utapishana naye kwenye bomba. Jaribu kwanza kuzungumza. Kama kuna hatari ya kweli, vitisho au kupigwa, hilo ni jambo lingine: mwambie padiri, na uende mahali ulipo salama.

Kikundi cha WhatsApp hakitoshi?

Kinatosha kwa kutangaza kikao. Mgonjwa hanyweshwi maji kwa WhatsApp. Na tafadhali, zile sauti za unabii za dakika kumi na nne, usizitume saa nane za usiku.

Mara ya kwanza nilete nini?

Biblia kama unayo, kama huna utasoma kwa jirani. Na ukiweza, njoo na kiti. Nyumba zetu ni ndogo, viti havitoshi, na waliochelewa huketi mlangoni juu ya jiwe la volkano, ambalo jioni linakuwa baridi sana.